Namba ya siri ya bibi ni ya bibi peke yake

Jambo hili nimekaa nalo siku nyingi, leo nnalisema. Ukifungua redio, ukipita benki, ukisoma vile vibango vya kwenye vibanda vya wakala, wazee wanaambiwa usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Sawa, maneno mazuri. Lakini nyumba ngapi hapa kwetu Unguja na Pemba ambazo namba ya siri ya bibi anaijua bibi peke yake? Anaijua mjukuu anayetumwa vocha, anaijua mke wa mtoto, anaijua kijana wa wakala pale njia panda, na jioni barazani utamsikia bibi mwenyewe anaitamka, "hebu nitazamie salio mwanangu, si mwaka wangu tu wa kuzaliwa huo", na hakuna anayeshtuka. Wazee wetu hawakufundishwa na tapeli kutoa namba ya siri, walifundishwa nyumbani. Tapeli anakuta kazi imeshafanyika, yeye anachotakiwa ni kuomba kwa upole kama wanavoombwa kila siku.

Na tabia hii ilianza kwa huruma wala sio kwa ubaya. Pesa za kwenye simu ziliingia nchini 2008, wakati huo bibi zetu pesa ilikuwa ya kufunga kwenye pindo la kanga, na wengi wao hawakusoma skuli, walisoma chuo cha Kurani. Bibi anasoma msahafu bila kukosea na hata barua ya herufi za Kiarabu anakusomea, lakini meseji ya herufi za kizungu inamshinda, basi simu akashikishwa mjukuu. Na pesa yenyewe ilikuwa kidogo, ya sukari na mafuta ya taa, nani angejali.

Sasa lakini mambo yamebadilika. Watoto wako Muscat, wako Dubai, wako London, wanatuma pesa ya kujengea, pesa ya matibabu, pesa ya futari ya mwezi mzima. Msimu wa karafuu mzee anauza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, anapata fungu la maana. Mstaafu anapata kiinua mgongo chake na pensheni ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Na ile pensheni jamii ya wazee waliofika miaka 70, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa mpaka 50,000. Kwahiyo simu ile ile ya tochi yenye batani zilizofutika, imefungwa mpira kwa nyuma, inaweza kuwa na pesa kuliko mshahara wa mwezi wa yule mjukuu anayeishika. Na tapeli anajua.

Nikupeni mfano wa mama mkubwa wangu, yuko Wete. Simu imeingia mchana, sauti ya kijana mpole.

"Asalaam aleikum mama yangu."

"Waaleikum salaam."

"Shkamoo mama. Hali yako? Wajukuu hawajambo?"

"Marahaba mwanangu, alhamdulillahi hatujambo."

"Mama kuna pesa yako imekwama huku kwetu, 350,000, imetoka nje. Sasa nataka nikusaidie iingie leo leo, usikate simu, fata ninavokwambia."

Na yeye ana mtoto Muscat, kwahiyo pesa ya kutoka nje kwake sio habari ya ajabu. Akamwambia ngoja nimwite mwanangu anisaidie, kijana akasema hapana mama, usimwite mtu, hii ni siri yako mwenyewe. Wakaendelea hivo hivo, bonyeza hapa, sasa bonyeza pale, mpaka simu ikaisha chaji ikazima. Kilichomuokoa ni chaji tu wallahi. Nilipomuuliza mama mkubwa kwanini hukukata alipokwambia usimwite mtu, akanitazama kama mimi ndo niliyekosa adabu, akasema, "Mtu kaniamkia vizuri, kaniulizia wajukuu, n'tamkatiaje simu?"

Hapa ndo pa kukaa. Tapeli hamtafuti mjinga, anamtafuta mtu mwenye adabu. Mzee wa visiwani hamkatishi mtu anayeongea, hamkatii simu aliyemtolea salamu, na akiombwa kitu kwa upole anaona haya kukataa. Tunaweza kumsomea masharti yote ya benki kuanzia asubuhi mpaka magharibi, kama hatukumpa njia ya kumaliza mazungumzo bila kujiona kakosa adabu, atabaki kwenye simu mpaka pesa iondoke. Kwahiyo mama mkubwa tulimpa maneno ya kusema, na anayo mpaka leo, na anayasema vizuri sana: "Ahsante mwanangu, n'tawapigia mwenyewe mia moja." Halafu anakata. Hakumtukana mtu, hakumwita mwizi, kamuaga. Na mia moja ni namba ya kweli, 100 ndo huduma kwa wateja ya mitandao yote ya simu Tanzania, na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, wameshatangaza kwamba mtandao ukitaka kukupigia utakupigia kwa hiyo 100 na sio kwa namba ya kawaida ya mtu. Kama shida ni ya kweli basi ataikuta huko huko.

Na jambo jengine mzee alijue kama anavyojua kibla: kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Pesa ikitumwa inaingia yenyewe, umelala, umesimama, simu imezimwa, inaingia. Namba ya siri kazi yake ni kutoa pesa ndani ya simu au kutazama salio lako, basi. Anayekuomba uweke namba ya siri ili upokee, huyo anataka kutoa. Nimeona hili moja likikaa vizuri kichwani kwa mzee linamkinga kuliko makatazo kumi, manake halina herufi wala kizungu.

Meseji nazo. "Ile pesa nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani bin fulani." Sote tunazipata. Vijana wanazifuta lakini zitazameni vizuri mjue ujanja wake uko wapi. Ukituma pesa kwa simu, kabla ya kuweka namba ya siri simu inakuonesha jina la anayepokea, na hiyo ndo ngao yako, ukiona jina silo unaacha. Tapeli anakuwahi, jina anakutajia mwanzo, kwahiyo likitokea jina la mtu humjui kabisa wewe unaona "ndo lenyewe kama alivosema" na unaendelea. Mzee aliyepanga na anadaiwa kodi, mzee anayedaiwa na fundi, mzee aliyeahidi kumtumia mtu pesa ya harusi, meseji hiyo ikimkuta siku hiyo hiyo imemmaliza. Dawa yake ni kumpigia mdai wako kwa namba unayoijua ya zamani, umsikie. Pia kuna ile ya meseji imeandikwa kama ya mtandao kabisa, umepokea shilingi kadhaa, halafu mtu anapiga analia, mama nimekosea, ni pesa ya mgonjwa, nirudishie. Usirudishe kitu kwa kusoma meseji, tazama salio kwanza. Na kama kweli imeingia kwa kukosea, mwenye pesa aupigie mtandao wake urejeshe muamala, wewe huna kazi ya kutuma tena.

Simu za "mwanao kapata ajali yuko hospitali" zinauma kuliko zote, hizo zinampiga mzee moyoni na mtu akishtuka hafikiri. Siku hizi hata sauti ya mtu inaigizwa kwa kompyuta. Kwetu tumekubaliana swali moja la nyumbani, la mambo ya zamani ambayo mtu wa nje hawezi kuyajua, na yeyote anayeomba pesa kwa haraka anaulizwa hilo kwanza hata kama ni mimi. Mwanzo vijana walinuna. Wamezoea.

Nije kwenye laini maana hapa watu hawapatazami kabisa. Mnakumbuka usajili wa alama za vidole, kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa. Wazee wengi vidole vyao mashine ilivikataa, mama aliyesokota kamba za usumba na kulima mwani miaka nenda miaka rudi, au baba aliyevuta nyavu miaka 40, alama zake za vidole zimelika. Ikafanywaje? Laini ya bibi ikasajiliwa kwa kidole cha mjukuu. Laini ikafanya kazi, watu wakashukuru wakaenda zao. Leo mjukuu yuko Dar, au yuko Oman, au wamegombana. Bibi akisahau namba ya siri hawezi kuibadilisha kwa sababu mtandao unataka mwenye jina. Simu ikipotea, hawezi kuirudisha laini. Na mjukuu kama ana nia mbaya anaweza kwenda dukani akarudishiwa laini hiyo kihalali kabisa na kitambulisho chake mkononi, na simu ya bibi ikazima hapo hapo huku pesa iko kwa mwengine. Kwahiyo wewe unayesoma, nenda kaulize laini ya mzee wako iko kwa jina la nani. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua nenda kaifungishe. Na mzee arudi dukani ajaribu tena, vidole ni kumi, chengine kinaweza kusoma, mikono ipakwe mafuta kidogo na ipanguswe kwanza, na akikataliwa aulize utaratibu wa watu ambao vidole havisomi. Ni usumbufu najua, hasa kwa anayetoka Konde au Micheweni mpaka Chake, lakini pesa iliyoko kwenye laini ya jina la mtu mwengine sio pesa yako sawasawa.

Na majina ya hizi huduma nayo yanachanganya. Wazee wengi wa huku walianza na Zantel na Ezypesa yake, mara Zantel ikaunganishwa na Tigo, mara 2024 Tigo ikawa Yas na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Kwa kijana ni rangi tu imebadilika. Kwa mzee ni kama duka limehama usiku, halafu asubuhi anapiga mtu anamwambia "mama laini yako ya zamani inafungwa, tuihamishe", kwanini asiamini? Kila mabadiliko kama hayo yakija mtu wa nyumbani amwahi mzee amwambie mapema, kabla hajaambiwa na mwengine.

Sasa namba ya siri yenyewe. Asiweke mwaka wa kuzaliwa, uko kwenye kitambulisho. Asiweke 1234, wala 1964, mwaka wa Mapinduzi, maana kila mtu wa hapa atajaribu hiyo. Wala isiandikwe kikaratasi kikawekwa ndani ya kava la simu, hiyo ndo sehemu ya kwanza mwizi kutazama. Watu wanasema mzee hakumbuki, mzee anakumbuka bwana, anakumbuka bei ya karafuu ya miaka 30 nyuma na nani hakuja kwenye harusi ya nani. Mwambie achukue hesabu anayoijua yeye tu, mikarafuu mingapi ilikuwa kwenye kishamba cha marehemu baba yake na dada yake ana watoto wangapi, aunge, apate namba nne. Kisha abonyeze mwenyewe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka vidole vizoee. Menyu za simu ni namba, na namba anazijua hata asiyejua herufi. Afundishwe njia mbili tu, ya kutazama salio na ya kutoa pesa kwa wakala, mengine yatakuja. Na usimharakishe, ukimpokonya simu ukamwambia lete nikufanyie umerudi pale pale.

Kwa wakala pia pana adabu yake. Wakala wengi wetu ni watu wazuri, ni watoto wa mtaa, lakini foleni ya kuamkia Idi haina subira, kijana anasema nipe simu bibi nikufanyie haraka, taja namba ya siri, na nyuma wamesimama watu sita wanasikia. Simu nyingi za batani ukiweka namba ya siri kwenye menyu ile inaonekana wazi kwenye kioo, haifichwi kwa nyota, kwahiyo mzee aipe mgongo foleni, abonyeze mwenyewe, na asiondoke mpaka meseji ya muamala imeingia na amehesabu pesa. Wakala mwenye heshima anasubiri. Mie nawaomba hasa vijana wa wakala, mzee akikutajia namba yake ya siri mkatalie, mwambie bibi hiyo siitaki, bonyeza mwenyewe. Mtu wa nje akisema hivo mzee anasikia kuliko akiambiwa na mtoto wake.

Wenye simu za tachi wana yao. Programu ya benki, iwe ya PBZ, CRDB au NMB, ipakuliwe Play Store na mtu anayejua au hapo hapo tawini, isije kwa linki ya WhatsApp. Simu iwe na loki. Zile namba sita za kufungulia akaunti ya WhatsApp au ya benki zinazokuja kwa meseji asimsomee mtu, hata kama anayeomba ni namba ya shoga yake wa miaka yote, maana akaunti ya shoga inaweza kuwa imeshachukuliwa na anayeandika ni mwengine. Na hizi programu za mikopo, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Nyingi huchukua majina yote kwenye simu ya mkopaji, kijana kakopa mjini, bibi yake Kengeja anaanza kupata meseji za vitisho kwamba yeye ni mdhamini alipe. Bibi hakudhamini kitu, hadaiwi, asitume hata shilingi.

Pesa nyingi isikae kwenye simu. Hii ni rai yangu na nimeisema sana kwetu. Fungu kubwa likae benki kwenye akaunti ambayo haikuunganishwa na simu, na wanaochelea riba huduma za Kiislamu zipo, PBZ wana Ikhlas. Kwenye simu ibaki ya matumizi ya wiki. Likitokea la kutokea, limeondoka la wiki.

Najua swali linalofuata kwa sababu nimeshaulizwa: sasa bibi akifa je, pesa si itapotea kama hakuna anayejua namba ya siri? Haipotei. Pesa ya kwenye simu na ya benki ni mali ya marehemu kama shamba na nyumba, inaingia kwenye mirathi, warithi wanafata utaratibu, cheti cha kifo, karatasi za mirathi, na kwetu Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mambo hayo kwa Waislamu. Anayekimbilia simu ya maiti akatoa pesa kwa namba ya siri kabla hata hitima haijasomwa, huyo amechukua haki ya warithi wenziwe. Kinachotakiwa kujulikana ni pesa iko wapi, benki gani, laini gani, hilo bibi amwambie mtu mmoja au wawili anaowaamini. Iko wapi, ndio. Inafunguliwaje, hapana.

Na ikishatokea mzee kaibiwa, tafadhalini msimkaripie. Mzee aliyekaripiwa mara moja akiibiwa tena atanyamaza, na pesa iliyoibiwa inataka mbio, ikishatolewa kwa wakala ndo basi. Pigeni 100 hapo hapo, waambieni wazuie muamala na wazuie akaunti, kama ni ya benki pigeni benki pia. Meseji msizifute. Namba ya tapeli tumeni kwenda 15040 ya TCRA. Nendeni polisi mkaandikishe mpate RB, yaani namba ya taarifa yenu, hili ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kisha namba ya siri ibadilishwe.

Idi inakuja, meli zitajaa watu wanaokwenda Pemba. Kabla hamjarudi mjini kaeni na wazee wenu mara moja, simu iko mkononi mwake sio mwenu, mumuoneshe wapi pa kubadilishia namba ya siri, kisha mgeuze uso abonyeze. Akimaliza msimuulize kaweka ngapi.